Kosa la mwanafunzi lionwe na nani? Kuchagua zana ya kufundishia lugha mtandaoni

Msimu mmoja wa korosho, mahudhurio ya Kidato cha Pili yalipopungua kwa sababu watoto wengi walikuwa mashambani na wazazi wao, nilifungua kundi la darasa kwenye simu. Nikatoa zoezi la Kiingereza: jirekodi dakika moja, ueleze familia yako. Sauti zikaja. Binti mmoja ambaye darasani alikuwa haongei alijitahidi kuliko wote. Akaeleza kwamba baba alishaondoka nyumbani, mama anauza samaki wa kukaanga, na yeye ndiye anayelea wadogo zake. Kiingereza chake kilikwamakwama, lakini alifika mwisho. Siku tatu baadaye sauti ile ilikuwa inachezwa kijiwe cha bodaboda, watu wakiiga mahali alipokwama. Muhula uliobaki binti yule hakufungua mdomo tena kwenye kipindi changu.

Aliyeisambaza sikumjua. Aliyeweka utaratibu uliofanya isambae nilikuwa mimi.

Tangu hapo kila mwalimu mwenzangu wa hapa Mtwara, au wa kule Lindi, anaponiuliza atumie zana gani kufundishia lugha mtandaoni, namwuliza kwanza: kosa la mwanafunzi wako litaonwa na nani? Somo la lugha halifanani na Hisabati. Kwenye Hisabati mtoto anatoa jibu. Kwenye lugha anatoa sauti yake, lafudhi ya kwao, habari za nyumbani kwao, na makosa yake yote kwa pamoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tunalirudia hilo darasani: usipolitoa kosa lako nje, hakuna wa kukusahihisha. Ni kweli. Lakini mzazi hazalii sokoni.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo walimu wa mikoa hii miwili wanaweza kuzifikia: kundi la WhatsApp, Google Classroom (darasa la mtandaoni la kutolea na kukusanyia kazi), programu za kujifunzia lugha mwenyewe kama Duolingo, na kompyuta ya shule inayofanya kazi bila intaneti kwa kutumia Kolibri au Moodle. Kila moja nimeiona ikisaidia mahali na ikikwama mahali pengine.

Maswali ya kupimia

La kwanza, zana inafundisha nini hasa? Kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika ni stadi nne, na hakuna zana inayozibeba zote kwa uzito mmoja.

La pili, bando, umeme, na simu ya nani? Wanafunzi wetu wa sekondari za kata hawaruhusiwi simu shuleni, na nyumbani simu janja ni moja, ya mama au ya kaka. Ndiyo hiyo hiyo inayopokea pesa. Msimu wa korosho inakwenda na baba kwenye chama cha msingi kusubiri habari za malipo, na kazi ya mtoto inasubiri pamoja nayo. Mtandao wenyewe nao si wa kuuapia, kama zisivyo barabara. Mei 2024 sisi wa Kusini tulionjeshwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja: mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima.

La tatu, jirani anaona nini? Kwa jirani namaanisha mwanafunzi mwenzake, kaka mwenye simu, fundi simu, mtu wa kijiweni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku hizi kata ni simu.

La nne, mwenye chombo anachukua nini? Yaani kampuni iliyotengeneza zana. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza zana za elimu mtandaoni zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona, likakuta asilimia 89 zinashughulikia taarifa kwa namna inayohatarisha au kuvunja haki za watoto.

La tano, mambo yakiisha, vitu vinafutika? Zana nazo hufa. Edmodo, iliyokuwa ikitumiwa na walimu dunia nzima, iliibiwa taarifa za akaunti milioni 77 mwaka 2017, na mwaka 2022 ikafungwa.

Walimu wengi mijadala yao inaanzia na kuishia kwenye swali la nne: wazungu wanachukua data zetu. Ni swali halali, nami silidharau. Ila kwa uzoefu wangu, mtoto wa Tandahimba au Mtama huumizwa kwanza na jirani, na huumizwa leo. La mwenye chombo linamfuata polepole, miaka baadaye. Zana nyingi zinazomzuia mmoja zinamwachia mlango mwingine, ndiyo maana nayatenganisha.

Sheria inasemaje, kwa ufupi

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na zile za miamala ya fedha na za kibayometriki. Taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, maana yake karibu darasa lako zima. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwake. Hilo ni la mkuu wa shule, si lako peke yako, kwa hiyo mpelekee mapema.

Kwa mwalimu wa darasa, sheria yote hiyo inaanza na karatasi moja ya Kiswahili kwenda kwa mzazi: tutatumia zana gani, mtoto atatoa nini, nani ataona, tutafuta lini. Na mstari mmoja usiokosekana: mzazi akikataa, mtoto atapewa kazi hiyo hiyo kwenye daftari na hatapunguziwa alama. Bila mstari huo, sahihi ya mzazi haina maana, kwa sababu hakuwa na la kuchagua.

Kundi la WhatsApp

*Kwa lugha.* Kwa kuzungumza, hapa ndipo penye nguvu kuliko kote. Mtoto anajirekodi mara kumi anafuta, ya kumi na moja anaituma. Mimi namjibu kwa sauti, narudia neno alilolikosea, anaiga. Wale wanaochanganya r na l wanasikia tofauti kwa sikio lao wenyewe, usiku, bila darasa zima kucheka. Kusikiliza pia kunakwenda vizuri. Kuandika kunapwaya, kwa sababu kusahihisha insha kwenye picha iliyopigwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka ni mateso.

*Kwa mfuko.* Hakuna nafuu kuliko hii. Dakika moja ya sauti haifiki hata megabaiti moja, na zana tayari iko kwenye simu ya nyumbani.

*Kwa jirani.* Hapa ndipo pabaya. Ndani ya kundi kila mmoja anaona namba ya kila mmoja. Namba ya binti wa miaka 15 inakaa kwenye orodha ya watu 60, wakiwemo kaka na wajomba ambao ndio wenye simu. Ujumbe wowote unasambazwa kwa kugusa mara mbili, na picha zinaweza kujihifadhi zenyewe kwenye albamu ya simu, apekuaye azikute.

*Kwa mwenye chombo.* WhatsApp ni ya kampuni ya Meta, zamani Facebook, tangu 2014. Tangu 2016 mazungumzo yamefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haisomi yaliyomo. Lakini inajua namba, vifaa, nani yuko kundi gani na nani anawasiliana na nani. Tena nakala ya akiba inayopelekwa kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu haimo ndani ya kufuli hilo mpaka uchague mwenyewe kuifunga, chaguo lililokuja mwaka 2021.

*Kufutika.* Unaweza kuuweka ujumbe ujifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Aliyekwisha kuuhifadhi, anao.

Mimi sikuacha WhatsApp baada ya yale yaliyotokea. Niliacha kundi. Ipo njia ya orodha ya kutangazia: unaandika orodha ya hadi watu 256, unatuma kazi mara moja, kila mmoja anaipokea kama ujumbe wake binafsi, wala hawaonani. Jibu linakuja kwako peke yako. Sharti moja tu, kila mmoja awe ameihifadhi namba yako. Mwalimu akinipa dakika tano, hili ndilo namwonyesha kabla ya jingine lolote.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu njia hiyo ina hatari yake nayo ni kubwa. Ukiwaondoa watoto kwenye kundi, unabaki wewe na mtoto, wawili, kwenye simu, usiku. Faragha ya mwanafunzi isigeuke pazia la mwalimu. Nilichokubaliana na wazazi ni hiki: namba iliyoandikishwa ni ya mzazi au mlezi, naye anajua ndiyo njia ya kazi, natuma na kujibu kabla ya saa mbili usiku tu, na mwalimu wa malezi anaweza kuiomba simu yangu na kuyaona mazungumzo ya somo siku yoyote. Mwalimu anayeona masharti hayo ni mazito, na atumie zana nyingine.

*Inamfaa* mwalimu wa sekondari ya kata ambaye wanafunzi wake wametawanyika vijijini, anayetaka wazungumze. Haimfai anayefundisha wadogo wa msingi: WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi.

Google Classroom

*Kwa lugha.* Kuandika ndiko kwake. Mwanafunzi anaandika insha, unaweka maoni pembeni mwa sentensi, anarekebisha, unaiona rasimu ya kwanza na ya tatu. Ukitaka sauti, anaambatisha faili.

*Kwa mfuko.* Inataka akaunti ya barua pepe, simu yenye nafasi, na bando la kueleweka. Kwenye simu ya familia iliyojaa picha za harusi, programu yenyewe inaweza kukosa pa kukaa. Kwenye chumba cha kompyuta chenye intaneti, inakwenda bila shida.

*Kwa jirani.* Hapa imepangwa vizuri. Kazi aliyokabidhi mwanafunzi unaiona wewe, na kuna sehemu ya maoni ya faragha kati yenu. Wenzake wanaona jina lake na picha ya akaunti yake tu kwenye orodha ya darasa. Ubao wa matangazo ndio wa kuangalia: katika mipangilio zuia wanafunzi wasiandike humo, la sivyo utageuka kundi jingine. Simu ya familia bado ni mlango wazi. Mtoto asipotoka kwenye akaunti yake, kaka anasoma kila kitu.

*Kwa mwenye chombo.* Hapa kila kitu kinategemea aina ya akaunti. Shule iliyosajiliwa inaweza kuomba akaunti za kielimu za Google bila malipo, na kwa huduma kuu za akaunti hizo kampuni inaahidi kutotumia taarifa za wanafunzi kwa matangazo. Zaidi ya hapo, shule ndiyo inayotoa majina, hivyo mtoto anaweza kuwa "kidato2-017" huku orodha ya majina halisi ikibaki kwenye kabati la mkuu wa shule. Akaunti binafsi ni jambo tofauti. Inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, mara nyingi namba ya simu, na inafuatana na YouTube, ramani na utafutaji wote. Nimeona darasa ambalo watoto walitumia akaunti za mama zao: insha ya mtoto imeandikwa jina la mama, na picha ya mama iko juu yake. Chini ya miaka 13 akaunti binafsi inataka usimamizi rasmi wa mzazi, na uongo wa tarehe ya kuzaliwa unaofanyika hapo mara nyingi unasimamiwa na sisi walimu wenyewe. Tuache.

*Kufutika.* Kulihifadhi darasa kwenye kumbukumbu mwisho wa mwaka si kulifuta. Faili zinabaki. Kwa akaunti za shule, msimamizi anaweza kuzifuta akaunti za wahitimu, kama kuna msimamizi na kama anakumbuka.

*Inamfaa* chuo cha ualimu, kidato cha tano na sita, au shule yenye chumba cha TEHAMA na mtu wa kukisimamia. Kwa sekondari ya kata isiyo na akaunti za shule, naiona ni ghali kwa bando na kwa taarifa, kwa faida ambayo daftari lingeweza kuileta.

Duolingo na programu za aina yake

*Kwa lugha.* Msamiati na mazoezi mafupi ya kila siku. Inamjengea mtu mazoea, na hilo si dogo. Haifuati muhtasari wetu wa somo wala haimwandai mtoto kwa insha. Kiswahili kiliingizwa humo mwaka 2017 kwa ajili ya wanaojua Kiingereza, jambo jema kwa wageni wanaokuja Mikindani kujitolea. Kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza anayetaka maelekezo ya Kiswahili, kagua kwanza kama kozi anayoitaka ipo kabla hujamtumia bando kupakua.

*Kwa mfuko.* Bure, yenye matangazo. Inataka mtandao karibu kila siku.

*Kwa jirani.* Ndiyo inayomsitiri kuliko zote nne kwa upande wa makosa: anakosea mbele ya mashine. Ila wasifu unaweza kuonekana na watu asiowajua, na jedwali la mashindano linaonyesha jina alilojiandikisha. Jina la utani lisilotaja shule wala kijiji linamaliza sehemu kubwa ya tatizo.

*Kwa mwenye chombo.* Inafuata kila jibu, kila saa ya kufungua, na mazoezi ya kuzungumza yanataka kipaza sauti. Mwaka 2023 taarifa za watumiaji milioni 2.6 wa Duolingo, zikiwemo barua pepe na majina, zilikusanywa kupitia mlango wa mfumo ulioachwa wazi na kusambazwa mtandaoni. Aliyejiandikisha kwa barua pepe ya kazi hiyo tu na jina la kubuni, hakupoteza la maana.

*Kufutika.* Mwenye akaunti anaweza kuifuta mwenyewe. Mwalimu hawezi kumfutia.

*Inamfaa* mtu mzima mwenye simu yake: muuza duka wa Shangani, dereva wa watalii, mhudumu wa hoteli ya Kilwa Masoko. Darasani ni nyongeza ya hiari. Isiwe kazi ya alama, maana utakuwa umemlazimisha mtoto afunge mkataba na kampuni ili apate alama zako. Kama lengo ni kusikiliza tu, vipindi vya BBC Learning English vinapakuliwa bila kufungua akaunti yoyote. Unavipakua wewe mara moja, unavigawa kwa kadi ya kumbukumbu, na hakuna jina la mtoto linalotoka Newala.

Kompyuta ya shule isiyo na intaneti: Kolibri au Moodle

Wengi hawaijui njia hii, kwa hiyo nieleze kwanza inavyokwenda. Unachukua kompyuta moja, hata ya zamani, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani. Unaweka programu ya bure. Kifaa kinatoa mawimbi ya Wi-Fi ya humo humo ndani, na simu au tableti zilizo karibu zinafungua masomo kana kwamba ziko mtandaoni. Intaneti inahitajika siku ya kupakua masomo tu, tena unaweza kuyaleta kwa flashi kutoka Masasi mjini.

*Kwa lugha.* Kolibri, kazi ya shirika la Learning Equality la Marekani, ina maktaba ya kuchagua, zikiwemo hadithi za African Storybook za Kiswahili na Kiingereza ambazo mtoto anazisoma kwa ngazi. Kwa kusoma, sijaona kinachoishinda hapa kwetu. Moodle, iliyoanza 2002 Australia kwa mikono ya Martin Dougiamas, inakupa kutunga mazoezi yako, mitihani, na kupokea insha. Kuzungumza ndipo zinapokwama zote mbili. Kolibri haipokei sauti ya mwanafunzi. Moodle inaweza, lakini vivinjari vya simu vinakataa kufungua kipaza sauti kwa tovuti isiyo na cheti cha usalama, na kukiweka cheti hicho kwenye kifaa kisicho na intaneti kunataka fundi. Zana inayolinda kuliko zote ndiyo iliyo bubu kwenye kiini cha lugha. Lazima niliseme wazi, kwa sababu walimu wenye moyo wa faragha huikimbilia wakidhani wamemaliza.

*Kwa mfuko.* Gharama iko mwanzoni: kifaa, umeme, muda wa kujifunza. Baada ya hapo hakuna bando. Wiki ile nyaya za baharini zilipokatika, kifaa cha namna hii kisingejua lolote.

*Kwa jirani.* Matokeo yanaonwa na mwalimu. Wanafunzi wanabadilishana nywila lakini, na wadogo huwekewa kuingia bila nywila kabisa, kwa hiyo mtu anaweza kufungua ukurasa wa mwenzake. Kifaa chenyewe kinaibika. Kifunge kwenye kabati lenye kufuli na ufunguo usiwe kwa watu sita.

*Kwa mwenye chombo.* Karibu hakuna. Kolibri haitaki barua pepe wala namba ya simu, jina la mtumiaji linatosha, na kumbukumbu zinakaa kwenye diski ya shule. Kifaa kikipata intaneti, Kolibri hutuma takwimu za matumizi kwa watengenezaji wake, na hilo linaweza kuzimwa.

*Kufutika.* Unafuta na kimefutika, mradi hukuacha nakala kwenye flashi. Hatari ya kweli ni uhamisho. Mwalimu aliyekisimika akihamishiwa Liwale, ama anaondoka na kompyuta yake ikiwa na matokeo ya watoto wote, ama anakiacha na hakuna ajuaye nywila. Andika nywila, weka ofisini kwenye bahasha iliyofungwa, fundisha mtu wa pili kabla barua ya uhamisho haijafika.

*Inamfaa* shule ya msingi, shule ya bweni, maktaba ya parokia au ya msikiti, na kijiji ambacho mtandao ni wa kupanda kwenye kichuguu.

Na darasa la video?

Sitalikalia sana. Saa moja ya Zoom inaweza kula zaidi ya megabaiti 500, na kamera inafungua nyumba ya mtoto: ukuta, kitanda, baba anayepita bila shati. Kwa darasa la watoto wa huku sioni faida inayolipa. Kwa mwanafunzi mtu mzima mmoja, mathalani mgeni anayejifunza Kiswahili na mwalimu wake wa Mikindani, ni njia nzuri. Zima kurekodi, na kubaliana hivyo kwa maneno mwanzoni mwa kipindi.

Zoezi linaweza kulinda kuliko zana

Yote haya niliyajua kabla sijagundua kosa langu kubwa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye swali. Nilimwambia mtoto aeleze familia yake. Vitabu vyetu vya lugha vimejaa maswali hayo: nyumbani kwenu, kazi ya baba yako, siku uliyougua, likizo yako. Tunayauliza kwa sababu msamiati wake ni rahisi.

Chukua la likizo. Januari, mwalimu mgeni wa Kusini anawaambia mabinti waandike walichofanya Desemba. Desemba ndipo wengine walikuwa unyagoni. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, yanayofundishwa huko si ya kuandikwa kwenye daftari, sembuse kutumwa kwenye kundi lenye wavulana na wajomba. Binti ama anaandika uongo, ama anavunja alichoapizwa, ama anakabidhi karatasi tupu na kupewa sifuri. Hakuna nywila inayotibu hilo.

Siku hizi natoa mtu wa kubuni. Mzee mmoja wa Newala ana mikorosho thelathini na binti anayesoma Lindi. Eleza familia yake. Samaki amepanda basi la Masasi. Simulia safari yake. Msamiati ni ule ule, nyakati za vitenzi ni zile zile, na sauti ikivuja, kilichovuja ni habari za mzee asiyekuwepo. Watoto wanaongea zaidi, tena kwa furaha, kwa sababu hakuna anayejitetea.

Jambo dogo la pembeni kwa wanaotumia akili mnemba kusahihisha insha: toa jina, shule na kijiji kabla hujabandika. Ukiona insha yenyewe haitaki kutenganishwa na mwenyewe, isahihishe kwa kalamu.

Uko wapi kati ya hawa?

Unafundisha sekondari ya kata, watoto wametawanyika, shida yao ni kuzungumza: WhatsApp kwa orodha ya kutangazia, namba za wazazi, mazoezi ya kubuni, ujumbe wa kujifuta siku 7. Insha zibaki kwenye daftari.

Uko msingi, unafundisha kusoma: Kolibri, bila kusitasita sana, mradi kuna umeme au sola na watu wawili wanaokijua kifaa.

Shule ina chumba cha kompyuta na intaneti ya kuaminika: Google Classroom, lakini subiri akaunti za shule. Mwezi wa kusubiri si hasara. Na kama mkuu wa shule hataki taarifa zitoke nje ya jengo, Moodle ya ndani itakupa karibu yote hayo kwa jasho zaidi.

Uko chuo cha ualimu: tumia mbili kwa makusudi, Classroom na Moodle, kwa sababu mwanachuo anayefundishwa kwa zana moja ataipeleka hiyo hiyo kijijini hata isipofaa.

Wewe ni mtu mzima unayejifunza mwenyewe: Duolingo au mfano wake, kwa jina la utani na barua pepe ya pembeni, pamoja na mtu wa kuongea naye ana kwa ana, maana mashine haitakusahihisha unapokosa adabu ya salamu.

Wazazi wengi hawana simu janja, wana vitochi: usilazimishe. Pakua sauti, zicheze darasani kwa spika. Kwa kuzungumza, wape watoto nafasi ya kuja mmojammoja chini ya mwembe saa za mapumziko, mahali ambapo kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia. Binti yule nilimrudisha kwa njia hiyo. Ilichukua muhula mzima, na neno la kwanza alilolisema kwa Kiingereza lilikuwa jina la samaki.